Mpira wa Baba

Harufu ya utomvu mbichi iliishika nyumba yetu yote msimu ule wa mvua, katika kambi ya wafanyakazi wa reli, Élisabethville, wakati wa vita vya pili vya Wazungu. Ilikuwa kwenye vidole vya baba, kwenye mikebe iliyopangwa ukutani, hata kwenye ugali. Vita vilitaka mpira, na kijijini kwetu kaskazini kila mwanamume aliamriwa kuugema porini kwenye mimea itambaayo, na aliyeleta pungufu alichapwa. Baba mkubwa Ilunga, kaka yake baba, alikuwa mmoja wa waliochapwa. Sisi hatukuguswa. Baba alifanya kazi ya reli, posho ilikuja kila wiki, unga, samaki wa chumvi, mawese, nasi tulikula tukashiba. Baba peke yake ndiye aliyekuwa akisukuma sahani mbele kabla haijaisha.

Siku moja akaliona gugu la maziwa kando ya reli: ukilivunja jani, linatoa maji meupe mazito. Akarudi na maganda yake mfukoni, yamejaa mbegu bapa za kahawia, kila moja na shungi la nyuzi laini.

"Hii iko mupira," alimwambia mama. "Tutamupatia yaya Ilunga mupira ya hapa hapa."

"Baba Kalenga," mama akajibu, akimwita kwa jina langu, "mupira iko inatoka ku kamba za mu pori."

"Maziba ni maziba," baba akasema, mkaidi yule; kwake maziwa ya mmea wowote yalikuwa mpira.

Mbegu za kwanza alizifukia kwa kina kama mahindi, zikaoza. Mama, ambaye hakuamini hata chembe, ndiye aliyezilaza nyingine katika kitambaa chenye maji hadi zikafura, kisha akazibandika juu juu kwenye mikebe ya udongo na kuzinyunyizia mchanga. Kumwagilia ilikuwa kazi yangu. Kwanza kilitokeza kitanzi cheupe, shina lililojikunja, halafu likajinyoosha na ganda la mbegu kichwani, na majani mawili manene yakafunguka. Kisha basi. Wiki zikapita, miche imedumaa, na baba akawa mkali kwa kila mtu, mpaka mama alipong'oa mmoja na kumwonyesha mzizi, mrefu kuliko mche wenyewe. Jioni ile baba alicheka, akala akamaliza.

Kiangazi baba mkubwa alikuja mjini kutibiwa mguu aliojikata kwa panga porini. Kabla hata ya kumkalisha, baba alimpeleka kwenye mikebe. Baba mkubwa alivunja jani, akasugua maziwa kati ya vidole hadi yakakauka, akavuta. Mpira huvutika. Yale yalikatika kama uji mkavu. Akamtazama baba, baba akatazama chini.

"Mudogo wangu," akasema, "hii iko muzuri sana. Nipe mukebe moya, nitaenda kuipanda kwetu."

Baba alijua anadanganywa. Hata mimi, mtoto, nilijua. Mguu ulipopona, baba mkubwa alipanda treni na mkebe mapajani, akarudi kwenye mpira na fimbo za kule. Hatukumwona tena.

Leo naishi Kasungami, pembeni mwa mji uleule, na gugu lile linaota hata nyuma ya choo. Wajukuu wangu hupuliza nyuzi zake wakicheka, wala hakuna mtu anayewadai mpira. Nafurahi kwa ajili yao, kweli. Lakini nikiwa nimeshiba bado naona haya, miaka yote hii, kwa sababu yeye aliyechapwa ndiye aliyetufariji, na sisi tukakubali kufarijiwa.