Shingo ya Bibi

Juzi studio wamenirudishia picha ya marehemu mama, kovu lake la shavuni wamelifuta. Niliwafokea mpaka koo likakauka, nikamkumbuka bibi.

Nilipokuwa mtoto, Fundi Salehe alimchora kwenye ubao wa duka la ujamaa pale Nkunga, ameshika jembe, rangi ikinuka mafuta ya taa. Lile rovu lililomvimba kooni miaka yote halikuwepo. Mimi nilidhani brashi imemponya, nikashangaa kumwona amekasirika.

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe, mama. Nimekupendezesha kidogo."

"Nani kakuambia sipendezi? Rudisha rovu langu!"

Fundi akachovya brashi. Bibi akasogea karibu, akainua kidevu ili fundi alione vizuri.