Matandazo ya Reki

Jumanne, tarehe 14 Septemba. Jua kali, anga jeupe kwa vumbi, upepo ukishuka kutoka mlimani tangu saa nne asubuhi. Mvua ya mwisho ilinyesha mwezi wa tano.

Mtaani tunamwita Reki, kwa kuwa hajawahi kuonekana bila reki mkononi. Ametunza bustani za watu kwa miaka thelathini, na tangu mwanzo hakubali kuacha udongo uchi. Kila anapofyeka hutandaza majani na vipande vya miti ili unyevu usipotee.

Mwaka huu, baada ya moto wa nyika kufika barabara ya juu, watu walimwita azitengeneze bustani zao ili moto usipate njia ya kufikia nyumba. Alianza kwa dada yake mdogo, fundi cherehani, ambaye chumba chake cha kushonea ni cha mbao na kimeshikamana na ukuta wa nyuma. Reki aling'oa ua uliogusa paa, akakata matawi ya chini ya kila mti, akazoa majani kwenye mifereji ya bati.

"Kaka, umeinyoa nyumba yangu kipara."

"Kipara hakishiki moto. Shukuru sikukunyoa na wewe."

Matawi aliyapitisha kwenye mashine ya kusagia. Vipande akavitandaza kuizunguka nyumba, unene wa kiganja, hadi kwenye mbao za chumba kile. Dada yake akatoka na tepu shingoni, akavitazama.

"Hii si ndiyo miti ile ile uliyoitoa?"

"Ndiyo."

"Sasa hapo umeitoa, au umeilaza chini tu?"

"Wewe shona, dada. Udongo niachie mimi."

Wakacheka wote wawili. Hiyo ilikuwa Julai.

Jumanne hiyo ya Septemba, saa nane mchana, moto ulishuka. Reki alisimama kwa dada yake, upande wa mlimani, na mpira wa maji. Moto ulifika pale alipofyeka, ukakosa cha kula, ukageukia bondeni. Akamwambia jirani kwamba kazi imejibu. Nyuma ya nyumba, cheche zilikuwa zimeangukia matandazo, zikawa zinatambaa chini kwa chini bila mwali, hadi zikafika kwenye mbao. Dada yake ndiye aliyesikia harufu. Mpira ulipovutwa hadi kule, chumba kilikuwa kinawaka.

Nyumba ilipona. Cherehani tatu hazikupona, wala sare za shule alizokuwa amezimaliza wiki ile.

Jioni nilimkuta dada mtu amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anafuta masizi kwenye mkasi. Reki alikuwa amesimama mbele yake.

"Uliniuliza," akamwambia.

"Niliuliza." Akaendelea kufuta.

Njiani kurudi kwake Reki aliniambia, "Aliuliza swali la mtu mzima, nikamjibu kama mtoto."

Kulikuwa na nyumba nyingine sita alizozitandazia hivyo hivyo. Jumatano, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, alifika kwenye ya kwanza, kwa mwalimu mmoja, na toroli, akaanza kuvuta matandazo mbali na ukuta. Mwalimu akafungua dirisha.

"Fundi, sikukuita leo."

"Najua, mwalimu. Hapa nilikosea. Nipe saa mbili, kisha naenda kwa jirani yako."