Jina Nililolimeza Ndani ya Lifti

Juzi jirani yangu hapa Merrylands, Australia, alioka mkate bila hamira, kwa magadi na maziwa ya mgando, na harufu ilipopenya dirishani kwangu niliacha vyombo kwenye sinki nikaenda kuketi. Ni harufu yenye uchachu kidogo, kama chaki iliyolowa karibu na unga unaotaka kuungua. Kwa wengine ni mkate tu. Kwangu ni nyumba ya Bibi Nora kule Lidcombe, ghorofa ya nne, madirisha yamefungwa, nami nina miaka kumi na sina pa kwenda.

Niwaambie kwanza kosa la mama, maana bila kosa hilo nisingekuwa na la kusimulia. Mama yangu, Josefina, alikuwa akimhudumia Bibi Nora: kumwogesha, kumpikia, kumpeleka kwa daktari. Kampuni iliyomwajiri ilikuwa na masharti mengi, na mojawapo ni kwamba mfanyakazi haji kazini na mtoto. Lakini shule zilifungwa mwezi wa saba, baba alikuwa ghalani tangu alfajiri, na mama hakumjua hata jirani wa ukuta wa pili. Kwetu Uvira, karibu na mpaka wa Burundi, angeniacha kwenye ua wowote wenye mlango wazi. Hapa milango yote ilikuwa imefungwa. Basi akanichukua.

"Ukae kimya," aliniambia kwenye treni. "Supavaiza akipiga simu, hata usikohoe. Wakijua, kazi imekwisha."

Kwa wiki mbili niliishi kama bidhaa ya magendo. Kwenye korido hapana, majirani wangeniona. Televisheni kwa sauti ndogo. Bibi Nora mwenyewe alikuwa hatoki ila siku ya daktari, kwa sababu ya miguu, na mpwa wake alikuwa ametia kufuli kwenye mlango wa baraza asije akaanguka. Mama hakuweza kutoka hata kununua chumvi mpaka shifti iishe. Tulikaa watatu kwenye vyumba viwili vilivyonuka dawa ya kuchua na kabichi, tukihesabu treni zinazopita chini kuelekea mjini.

Kilichotusaidia ni maongezi. Kiingereza cha mama kilitosha kwa dawa na sabuni. Cha Bibi Nora kilitoka mdomoni kimejikunja, kwa sababu ni Mwairishi wa kaskazini, na hata walimu wangu nadhani kingewashinda. Mimi ndiye niliyekaa katikati, nikila mkate na kutafsiri.

Siku ya kwanza tu aliniambia, "Mtoto, nitajie herufi ya nane ya alfabeti."

Nikahesabu kwa vidole. "Heichi."

Akapiga meza kwa furaha. "Mkatoliki wewe!"

Nilishangaa. Kweli nilikuwa nikisoma shule ya parokia, lakini amejuaje? Akanieleza kwamba katika mji wake Wakatoliki husema "heichi" na Waprotestanti husema "eichi", na kama herufi haikutosha, watu walikuuliza jina lako, shule yako, mtaa wako, na mwisho walijua wakuchukie au wakukaribishe chai. Kulikuwa na miaka, alisema, ambapo kijana akisimamishwa njiani alitamani alfabeti isingekuwa na herufi hiyo.

Nilipomtafsiria mama aliweka kisu chini, akacheka hadi akaishika meza.

"Kumbe wazungu nao wana makabila!"

Bibi Nora alipoelezwa naye akacheka, machozi yakamtoka. Kisha mama akakichukua tena kisu. "Na sisi kwenye vizuizi vya barabarani walitusikiliza hivyohivyo," alisema. "Neno moja tu, wanajua umetoka wapi." Nikatafsiri. Bibi Nora alimkatia mama kipande kingine cha mkate, akakipaka siagi nyingi kuliko changu.

Tangu hapo walikuwa hawashikiki. Bibi Nora alisimulia mpaka uliopita nyuma ya shamba la mjomba wake, ambako ng'ombe alikula majani ya nchi moja akanywa maji ya nyingine, na askari wa Kiingereza waliomwaga chini chakula cha baba yake wakitafuta bunduki ndani ya mkate. Mama alisimulia daraja la kwenda Burundi na mabunda yaliyofunguliwa mbele ya watu. Wakalinganisha maaskari kama wanawake wanavyolinganisha wakwe.

Kuna siku moja tu Bibi Nora aliniudhi. Aliona kwamba mama ananiuliza kwa Kiswahili nami najibu kwa Kiingereza.

"Kwa nini humjibu mama yako kwa maneno yake?"

"Ananielewa," nikasema.

"Bibi yangu mimi alikuwa akisema Kiairishi," akasema, "na mama yangu alimjibu kama unavyojibu wewe. Hakuna askari aliyekuja kukiua nyumbani kwetu. Kilikufa mezani, tukila viazi."

Nilinuna. Hilo sikulitafsiri. Lilikuwa la kwanza.

Alhamisi ya wiki ya pili Bibi Nora alikuwa na miadi ya daktari wa macho. Mama hangeweza kuniacha peke yangu ghorofani, kwa hiyo tukaingia lifti sote watatu. Ilikuwa lifti ya zamani, nyembamba, yenye harufu ya dawa ya kusafishia. Tulipoipita ghorofa ya tatu ikatikisika, ikakwaruza, ikasimama. Taa ikapungua lakini haikuzimika.

Mama aliinua kidole kwenye kitufe cha kengele, kisha akanitazama. Nilikuwa mdogo, lakini mtazamo ule niliuelewa. Kengele italeta watu, na watu wataleta maswali. Kidole kilikaa hewani kwa muda. Halafu akabonyeza.

Sauti ya mwanamume ikatoka kwenye vitundu vya ukutani, ikiuliza tuko wangapi. Mama akanishika mkono. "Useme wawili."

"Wawili," nikasema.

Fundi yuko mbali, ile sauti ikasema. Tuwe na subira, huenda ikapita saa nzima.

Hapo ndipo Bibi Nora alipobadilika. Yule mama wa maneno mengi akaanza kuupiga mlango kwa viganja vyote viwili. "Sista!" alilia. "Sista, nifungulie! Nitakuwa mtiifu, Sista!"

"Anasema nini?" mama akauliza.

Kwa Kiingereza, dada na mtawa neno ni hilohilo moja. "Anamwita dada yake," nikasema.

"Umwambie dada yake anakuja. Anakuja sasa hivi."

Nikamwambia: anakuja, Bibi, sista anakuja sasa hivi. Alipiga ukelele ambao mpaka leo sijasikia mwingine kama huo, akarudi nyuma hadi kona, akajikinga uso kwa mikono.

Mama alimtazama, akanitazama. Alikuwa amesomeshwa misheni. "Si dada," alisema polepole. "Ni masista. Mwambie hakuna sista hapa. Ni Josefina tu na mtoto wake."

Nilisema hivyo. Mama akavua kitenge alichojifunga juu ya sketi, akakitandika chini, akamketisha Bibi Nora, akaketi nyuma yake na kumkumbatia kwa miguu na mikono, kama mtu anayemsuka mwenzake nywele. Alimbembeleza bila maneno. Baada ya muda mrefu Bibi Nora akaanza kusema, macho yakiwa mlangoni, nami nikatafsiri kipande kwa kipande.

Alikuwa na miaka kumi na tisa. Akapata mimba bila mume. Baba yake alimpeleka kwenye nyumba ya masista kwa gari la padri, kwa sababu katika nchi ile, wakati ule, padri na aibu vilikuwa na nguvu kuliko serikali. Alifua mashuka. Milango ilifungwa kwa funguo. Alijifungua mvulana, akamnyonyesha wiki nane, na asubuhi moja sista alikuja kumchukua akasema amepata wazazi. Bibi Nora aliupiga mlango hadi jioni. Alipotoka hakurudi kwao. Akapanda meli kuja Australia, akakaa kimya kwa zaidi ya miaka hamsini.

Nilitafsiri kama mtu anayesoma tangazo. Mama aliuliza swali moja tu.

"Alimpa jina gani?"

Bibi Nora aligeuza shingo kumtafuta mama nyuma yake. "Hakuna aliyewahi kuniuliza," alisema. "Colm. Anaitwa Colm."

Mama akalirudia jina, vibaya, mara mbili. Kisha akasema kwa Kiswahili, taratibu, ili nipate kutafsiri:

"Wangu alikuwa Baraka. Maaskari walipokuja kutufungulia mlango, alikuwa ameshapoa."

Nililijua kila neno. Maana ndiyo iliyonipita. "Poa" niliisikia kila Jumapili kwa watoto wa Kikenya kanisani: mambo, poa. Kwa hiyo huyu Baraka, mtoto wa mama yangu, alikuwa poa mahali fulani, na mimi sikuwahi kuambiwa. Mimi, niliyedhani kwamba ndimi mtoto wake pekee. Niliona wivu. Bibi Nora alikuwa akiningoja, na mama alikuwa akiutazama mdomo wangu.

"Anasema pole," nikasema.

Bibi Nora akampapasa mama mkono.

Mlango ulipofunguliwa, fundi alikuwa amesimama pamoja na supavaiza. Kliniki ilikuwa imepiga simu kwamba mgonjwa hajafika. Yule supavaiza akatuhesabu kwa macho: mmoja, wawili, watatu. Mama akainamisha kichwa. Bibi Nora, nywele timutimu, akainuka kwa kumshika fundi bega.

"Mtoto ni mgeni wangu," alisema. "Mimi ndiye niliyemwalika. Au siku hizi mnanichagulia na wageni?"

Supavaiza aliandika kitu, lakini mama hakufukuzwa. Mwaka uliofuata Bibi Nora alihamishiwa nyumba ya wazee mbali na sisi, na tulipopata habari za kifo chake alikuwa ameshazikwa.

Leo mimi ni mkalimani hospitalini. Nilijifunza upya Kiswahili nikiwa mtu mzima, kwa aibu na kwa bidii, na sharti la kwanza tulilofundishwa ni kutoacha neno. Siku waliyotufundisha hilo nilitoka darasani nikakaa kwenye ngazi. Maana ya mtoto "kupoa" mikononi mwa mama yake nilikuwa nimeijua zamani, lakini nilikuwa nikiipita kama mtu anavyopita nyumba yenye msiba ambayo hawezi kuiingia.

Mwaka jana nilimwambia mama yote. Alikuwa akikunja nguo, na hakuacha kukunja.

"Nilijua hukumwambia," akasema.

"Ulijuaje?"

"Kwa sababu hakuniuliza kitu. Yule mama, na maneno yake yale? Angeniuliza."

Ndipo nilipoelewa kilichotokea mle ndani. Nilikuwa nimesimulia maisha yangu yote jinsi Bibi Nora alivyofungwa, jinsi mimi nilivyofungwa, na jinsi mlango wa lifti ulivyofunguliwa. Mama alikuwa amengoja miaka mingi apate mtu mmoja wa kumwambia, akampata, na njia pekee ya kumfikia ilipita kwenye mdomo wa mtoto mwenye wivu. Alitoka mle na neno lake akiwa bado amelibeba, akaenda kumpikia baba chakula.

"Alikuwaje?" nikamuuliza. "Baraka."

Mama akaweka nguo chini. "Alikuwa na meno mawili," alisema, "na alikuwa anauma."