Ng'ombe Walipoilamba Bahari Yangu

Jamani, aibu niliyoipata pale Handeni siku ya mnada, mwingine angehama wilaya, lakini mimi nipo na brashi ninayo.

Serikali ilikuwa ndiyo imefungulia watu biashara, kila mtu anafungua chake, Bwana Shabani naye akajenga hoteli kando ya njia ya mnadani, akataka ukuta wa nje uchorwe bahari. Mafundi wanaume walimzengea wee, akanipa mimi (kuchora nilianzia masomo ya jioni, mwalimu alikuwa ananipa chaki nimchoree picha za kufundishia), ila akanionya, "Mama Zaina, ukiharibu huu, kuta za ndani nawapa wao, na mji mzima utajua kwa nini." Alitaka maji yametulia, kama ya kwenye kalenda. Sasa mimi bahari nimeiona mara moja, Tanga, tulipokwenda maulidi, nikarudi kinyumenyume naleta shahada. Yatulie wapi maji yale! Nikamchorea wimbi moja tu, toka chini mpaka kwenye bati, limeinamia barabara.

Rangi ilikuwa chokaa na buluu ya kufulia, na chokaa huwa tunaitia chumvi kidogo ishike, isichafue watu nguo. Nikasema wimbi lenyewe kubwa hivi, wacha niongeze. Nikamimina mfuko mzima.

Siku ya ufunguzi shehe yuko katikati ya dua, mikono yetu juu, ng'ombe wa mnada hao. Wa kwanza akanusa ukuta, akalamba. (Ng'ombe wa nyikani na chumvi, mnawajua.) Mara kundi zima limejipanga ndimi nje, viti chini, pilau chini, mimi nawachapa kwa kanga, "Tokeni kwenye bahari yangu!" Watu hoi kwa kicheko. Mmoja akapaza sauti, "Maji yamekupwa, mama!" Nilitamani ardhi inimeze.

Bwana Shabani akamgeukia mwenye ng'ombe, mzee wa Kimasai aliyesimama ng'ambo ya barabara. "Mzee, njoo uwatoe!"

"Hapo siji," akajibu, macho juu, kule ndimi zisikofika. "Hiyo maji inaanguka."

Bwana Shabani naye akatazama juu. Halafu, wallahi, akarudi nyuma hatua mbili.

"Huku chini urudie," akaniambia. "Kesho uanze na ndani."

Chumvi kwenye chokaa nimeapa sitii tena, nguo zichafuke zichafukavyo. Ila bahari iliyotulia, watafute mwingine wa kuwachorea.