Mkono wa Fundi Viatu

Winifrida wa Kasulu alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kuona mtu anafanya kazi akamwacha hivi hivi. Mama anayepepeta maharage, kijana anayesukuma baiskeli ya ndizi, wote aliwachonga kwenye kibao, akapaka wino, akalaza karatasi juu na kuisugua kwa mgongo wa kijiko. Picha aliiuza kwa bei ya soda, ili hata mpepeta maharage ajinunue mwenyewe, ajibandike ukutani.

Mei 2015 malori ya wakimbizi kutoka Burundi yalikuwa yakipita kuelekea kambini. Moja lilisimama karibu na meza yake kubadili tairi. Mwanamke aitwaye Niyonkuru akashuka, akazitazama picha, mara akaganda mbele ya fundi viatu aliyeinamia kiatu. Akaishika karatasi.

"Uyu ni musaza wanje," alisema. Kaka yake, waliyepotezana siku ya kukimbia.

Winifrida hakulijua jina la yule fundi, ila alijua anapokaa: njiapanda ya Kabanga. Kabla hajafungua kinywa, Niyonkuru alikwisha kuanza kuhesabu vidole vya fundi pichani. Uso ukamnywea. Kaka yake alikatwa vidole viwili vya mkono wa kushoto; huyu wa pichani amekosa vya kulia. Akairudisha karatasi taratibu, akaomba radhi kwa usumbufu, akapanda lori. Winifrida akampa pole. Pole! Ndicho kitu pekee alichompa.

Lori lilipokwisha kupotea ndipo alipochukua kibao cha picha ile akisafishe, akakitazama upya. Kwenye kibao, mkono uliokatwa vidole ulikuwa wa kushoto. Picha ya kuchapa hugeuka, kushoto kukawa kulia. Miaka sita anaifanya kazi hiyo, anawaeleza wateja hadi wanachoka, na siku ile moja akili ilikuwa imekwenda wapi?

Alidandia bodaboda hadi Kabanga, amchukue fundi ampeleke kambini. Kiti chake kilikuwa kitupu. Tunu, muuza maandazi wa pembeni, alimwambia fundi ameondoka alfajiri.

"Kachoka kungoja. Kasema dada yake hajavuka mpaka, karudi kulekule Burundi kumtafuta."

Winifrida akakaa chini palepale kwenye vumbi. Baadaye akamwomba wa bodaboda ampeleke kambini. Alikuwa na mambo mawili ya kumwambia Niyonkuru: kwamba kaka yake yu hai, na alikokwenda.