Hasida wa Panyu

Nilitoka Guangzhou kwenda Panyu kutafuta sahihi moja. Nasema hivi mapema kwa sababu Kariakoo wapo wanaonitania mpaka leo kwamba Zuhura alikwenda China kutazama ndege. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, baridi ya Desemba, nasi Watanzania wanne tulikuwa tumechangia kontena moja la nguo za soko la Shisanhang. Wakala wetu, Mzee Ezra, Myahudi aliyezaliwa Nairobi, asingeweka sahihi kwenye orodha ya mizigo, kontena lisingepakiwa Jumapili.

Ijumaa mchana nilikwenda ofisini kwake, kwenye jengo la Tianxiu Dasha. Karani akaniambia, "Meiyou." Hayupo, amekwenda kwenye mabwawa ya Panyu kutazama ndege, atarudi Jumatatu. Mtu mzima, mwenye mizigo ya watu mkononi.

Nikishuka ngazi nikakutana na Mama Beya wa Lubumbashi. Wakala wake alikuwa ametoweka na viza yake ilikuwa inakwisha Jumanne. "Dada, minaomba nafasi kidogo," akasema. "Marobota sita tu." Mzigo usipoondoka naye, angerudi kwao mikono mitupu. Nikamwambia kontena ni la Watanzania. Nafasi ilikuwepo, lakini tulikubaliana tangu mwanzo, wetu kwa wetu, na mimi ndiye niliyeshika orodha.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi nilipanda basi barabara ya Huanshi Zhonglu. Kondakta alinishusha nisikokujua, akanionyesha barabara kwa kidevu. Nikapanda kivuko, kisha pikipiki, kisha nikatembea juu ya kingo za mabwawa ya samaki hadi kiatu cha kushoto kikabaki kwenye tope. Nikakichomoa kwa mikono miwili, huku namtaja Mzee Ezra kwa majina ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Saa tano nikamkuta ameketi kwenye kigoda cha plastiki mbele ya mikoko, darubini shingoni.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Bi Zuhura. Keti polepole, usiwashtue."

"Sikuja kuketi. Tia sahihi hapa, nigeuze."

"Leo Sabato, mama. Siandiki kitu mpaka nyota tatu zionekane."

"Nyota? Saa tano asubuhi?"

"Ndiyo."

Nikamweleza kwamba sisi Waislamu Ijumaa tunasali, tukitoka tunarudi kazini. Akasema ni utaratibu mzuri sana, akarudi kwenye darubini yake. Hakuna kinachokera kama mtu unayemgombeza akakubaliana nawe. Mke wa mwenye bwawa akanihurumia, akaniletea chai na viazi vitamu, na kigoda cha pili.

Basi nikaketi. Mzee akanionyesha yangeyange, akanionyesha domomwiko anavyofagia tope kwa mdomo wake. Nikamwambia hao yangeyange kwetu Jangwani wamejaa tele, na hakuna aliyewahi kupanda basi kwenda kuwaona. Akacheka. Mimi sikucheka.

Saa tisa alasiri akainuka ghafla. "Hasida," akanong'ona. "Hasida kabisa."

Damu ikanipanda. "Hasidi nani, Mzee? Kama huyo Mama Beya amekuja kukulilia, mngeniita na mimi nikasema langu. Nafasi ya marobota sita ipo, sikatai. Lakini si mtu wetu. Nikimpa yeye leo, kesho watakuja kumi. Sasa hilo ndilo la kuniitia hasidi?"

Akashusha darubini. "Mama Beya ni nani?"

Kinywa changu kilikuwa kimeniponza, na hapakuwa na pa kukificha.

"Nilikuwa namtaja yule," akasema, akanipa darubini. Katikati ya yangeyange alisimama korongo mkubwa mweupe, ncha za mbawa nyeusi, peke yake. "Kwa Kiebrania korongo anaitwa hasida. Jina linatokana na neno lao lenye maana ya hisani. Wahenga wetu wanasema huwagawia wenzake chakula."

"Basi ndege mwema."

"Mwema. Lakini Torati imemweka na ndege najisi, hatumli. Watu wakauliza, mbona mwenye hisani awe najisi? Wakajibiwa, hisani yake inaishia kwa wenzake."

Hakunitazama aliposema hivyo. Afadhali angenitazama, ningepata pa kuanzia ugomvi. Nikabadilisha mazungumzo, nikauliza yule wa kijivu mwenye shingo ndefu, anayewafukuza wengine.

"Huyo kwa Kiebrania anaitwa anafa. Jina lake linatokana na hasira." Hapo ndipo aliponitazama.

Nilikasirika, kweli isemwe. Nimepanda basi, kivuko na pikipiki, nimezama topeni, kuja kukemewa na korongo. Nikashika chai yangu iliyopoa nikageukia mikoko mpaka jua lilipotua.

Nyota ya tatu ilipotoka, akasoma dua yake, akatoa kalamu. "Marobota mangapi?"

"Arobaini." Akaanza kuandika. "Subiri, Mzee," nikasema. "Arobaini na sita."

Akaandika bila kuuliza. Nililala kwa mwenye bwawa, na alfajiri nikaanza safari ya kurudi, kiatu kimoja kikavu na kimoja kibichi. Njia nzima nililipima lile neno mdomoni. Hasida na hasidi vinatengana kwa herufi moja, na nilikuwa nimeitikia jina ambalo hakuna aliyeniita.

Jumapili saa sita mchana kontena likafunguliwa. Hamisi, mmoja wa wale wenzangu watatu, alisimama mlangoni na orodha. Mama Beya, niliyemwita asubuhi ile nilipofika mjini, alikuwa pembeni na marobota yake, hathubutu kusogea.

"Bi Zuhura, haya sita ni ya nani?"

"Ya Mama Beya."

"Kwani huyu ni mtu wetu?"

"Si mtu wetu," nikamwambia. "Pakia."