Wapiga Gitaa la Chuma Nisiowajua kwa Sura

Wapo watu watatu ambao ningependa kukutana nao kabla sijafa, na hata mmoja simjui jina. Wote wanapiga gitaa lile la kulazwa, lenye nyuzi nyingi, linalotelezeshwa kipande cha chuma juu yake huku miguu nayo ikifanya kazi chini. Nadhani wote ni Wamarekani, ingawa mmoja nikimsikiliza sana naona kama ni Mwafrika mwenzetu wa kule magharibi. Nikisema hivyo dada yangu ananicheka, ananiuliza nimemwonea wapi.

Niliwapata Afungi, kwenye mradi wa gesi hapa kwetu Msumbiji, nilipokuwa na kontratu, kibarua cha muda, cha kuchomelea mabomba. Shefe wetu, yaani bosi, mzungu mmoja mnene asiyependa maneno mengi, kila Jumapili aliweka spika ndogo mlangoni pa karakana akasikiliza nyimbo za wachunga ng'ombe wa kwao. Nyimbo zenyewe hazikunihusu. Lakini nyuma ya mwimbaji palikuwa na sauti nyingine, inapanda polepole, inakaa juu kidogo, inashuka kwa shida. Siku ya kwanza kuisikia nilizima mashine nikasimama. Nilidhani ni mwanamke anaimba. Tena nisifiche, nilidhani ni mama yangu.

Mama ndiye aliyekuwa sauti ya ukoo wetu. Kwetu kila nyumba ina wimbo wake wa kumtoa mwali. Siku ya harusi binti anakaa chumbani na wanawake, na hatoki mpaka bibi yake, mama wa mama yake, amwimbie wimbo huo. Mama mzazi wa binti siku hiyo hafungui kinywa. Na sisi wanaume hatufundishwi. Tunausikia tukiwa nje ya ukuta, maneno hatuyagusi. Nimeusikia hivyo tangu utoto, harusi baada ya harusi, mama akiwaimbia mabinti wa ukoo waliofiwa na bibi zao. Halafu mama akaota uvimbe shingoni, akapasuliwa mjini Pemba, hukuhuku Msumbiji, akarudi mzima alhamdulillahi, ila sauti haikurudi. Anaongea kwa pumzi tu. Kuimba hawezi kabisa.

Na mjukuu wake wa kwanza, binti wa dada yangu, alikuwa ameshaposwa na kijana wa Rongui. Wanawake wengine waliokuwa wakiujua wimbo wetu tulipotezana nao tulipokimbia vita, na waliorudi hapa Quitunda hakuna mwenye nao. Mama akasema watafute wimbo wa nyumba nyingine, mtoto atolewe kwa huo, hakuna neno. Alilisema vizuri kabisa. Kisha siku tatu sahani yake ikawa inarudi jikoni na chakula chake.

Mimi ni mtu wa hasira, na hasira zangu zikinishika lazima mikono ifanye kitu. Nikaenda kwa shefe nikamuuliza ile sauti ni ya nini. Akasema ni guitarra de pedais, gitaa la pedali, basi. Kontratu ilipoisha akanipa kadi ya telemóvel, ya simu, imejaa zile nyimbo. Kadi hiyo ndiyo shule yangu, na watu wangu watatu wamo humo.

Wa kwanza ni mvivu. Daima anachelewa kuingia. Unasema leo hakuja, kumbe yupo, anapitisha sauti moja tu na inatosha wimbo mzima. Huyu ningemkaribisha nyumbani, nimpe wali wa nazi na changu wa kuchoma, wala nisimuulize kitu. Nimtazame tu anavyokaa.

Wa pili anapiga kanisani. Watu wanapiga kelele, naye anawajibu kwa nyuzi kelele zilezile, na mimi Mwislamu nikimsikiliza nywele zinanisimama. Huyu namheshimu kwa mbali. Ndiye ninayemdhania Mwafrika.

Wa tatu ni mwanamke, mtanisamehe, sina ushahidi. Kabla hajapandisha sauti unasikia kiti kinalia, mtu anajiweka sawa. Anapanda bila haraka na hakatiki. Huyu ndiye nina swali naye: mguu unauweka vipi, bibi, hata sauti ipande hivyo na isivunjike? Nimemuuliza mara nyingi usiku na mchana, spika ikiwa sikioni. Anaendelea na wimbo wake.

Basi nikajenga gitaa langu. Ubao nilikuwa nao, nyuzi nikanunua Palma, spika ya redio mbovu nikaigeuza maiki. Kwenye miguu ndipo nilipojiona fundi. Mtu akikwambia pedali, wewe mtoto uliyelelewa na fundi cherehani utafikiria nini? Mama alikuwa na cherehani ya kukanyaga. Kichwa chake kiliibwa tulipokimbia, stendi tuliikuta imelala uani. Nikaufunga ubao juu ya ile stendi, nikaunganisha kikanyagio na nyuzi mbili kwa waya wa breki ya baiskeli. Ukikanyaga mfululizo, kama anayeshona, nyuzi zinakazwa na kulegezwa, zinakazwa na kulegezwa. Nikaona nimewafikia Wamarekani.

Dada yangu hakupendezwa. Alisema wimbo wa wanawake haupigwi na mwanamume, tena kwa stendi ya cherehani, watu watatucheka mpaka Palma. Tukagombana, nikamwambia maneno ambayo sikupaswa. Mwisho tukaenda kwa mama. Mama akasema nisiguse maneno.

Siku mbili kabla ya harusi, profesora, mwalimu jirani yetu, mwenye megabaiti zake za intaneti, aliniita nione video. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuliona gitaa lenyewe. Mzee ameketi, mguu wake umetulia, anabonyeza pedali moja, anaiachia, anatulia tena. Hakuna cha kukanyaga mfululizo. Miezi yote ile nilikuwa nashona. Profesora alicheka mpaka akajifuta macho, nami nikaondoka bila kuaga, na hilo mpaka leo sijamwomba radhi. Nilitaka kuivunja ile stendi. Lakini kutengeneza nyingine hapakuwa na muda, na mama siku hiyo alikuwa amekula.

Siku yenyewe, baada ya alasiri, nikakaa nje ya chumba cha mwali, uso kwenye matofali. Ndani wanawake wakanyamaza. Nikaanza kukanyaga. Sauti ikatoka inatetemeka kuanzia mwanzo wa mstari hadi mwisho, si ile sauti ya mama iliyonyooka ninayoijua, na masikio yakaniwaka kwa aibu. Mstari wa kwanza ukaisha, ndani kimya. Wa pili, kimya. Nikajua nimewaharibia harusi.

Mlango ukafunguliwa, akatoka mama peke yake. Nikaacha kukanyaga.

"Huyo si mimi," alisema kwa pumzi yake ile.

Nikamwambia najua, Mama, nisamehe, ni huu mguu, sikuuelewa. Hakunisikiliza. Alikuwa anaitazama stendi.

"Huyo ni mama yangu. Uzeeni sauti yake ilikuwa inatetemeka hivyohivyo. Nani kakufundisha?"

Bibi yangu alizikwa kabla sijazaliwa, sijawahi kumsikia hata siku moja.

"Piga," akasema mama. "Maneno nitayasema mimi."

Akarudi ndani, mlango akauacha wazi. Nikapiga mstari, naye akayasema maneno yake, hakuimba, aliyasema tu kwa pumzi, na wanawake wakayapokea kwa sauti zao. Mstari mwingine, vilevile. Nilimsikia dada yangu analia, na yeye siku hiyo hakutakiwa kutoa sauti. Ubeti wa nne mpwa wangu akatoka, amefunikwa kanga, akapita mbele yangu kwenda kwa watu wa Rongui waliokuwa wakingoja uani.

Mwali akishatoka, wimbo umekwisha, ndivyo ilivyo. Lakini mle ndani mama alikuwa bado anasema maneno, peke yake sasa, wanawake wote wameshamfuata bibi harusi. Nikaendelea kukanyaga.